Injini Iliyokubali Spana

Namba mbili zinatosha kuanzia: milimita 83 na milimita 73.7. Ya kwanza ni kipenyo cha silinda, ya pili ni mwendo wa pistoni toka chini hadi juu. Panga silinda nne za vipimo hivyo katika mstari mmoja, utapata cc 1595, nayo ndiyo L16 iliyowekwa katika Datsun 1600 mwaka 1967. Panga sita, utapata cc 2393, nayo ndiyo L24 ya Datsun 240Z. Hata konrodi zake ni zilezile, milimita 133 toka tundu hadi tundu. Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu, la karani, la mwenye duka anayepeleka watoto shule. La pili lilikuwa la kijana wa California aliyetaka boneti ndefu na barabara tupu. Wote wawili walikuwa wakiendesha silinda ileile, mmoja kapewa nne, mwingine sita.

Huo ndio ukoo wa L wa Nissan, na nataka kuusifu kwa jambo ambalo majarida ya magari hulipita mbio. Majarida hupenda nguvu za farasi, na hapa hayana mengi ya kusema: 240Z ilitangazwa Marekani kuwa na farasi 151, kwa hesabu ya kizamani iliyopima injini ikiwa imevuliwa mizigo yake. Ni namba nzuri, haishtui mtu. Ninachokisifu mimi ni kwamba waliobuni injini hii walikubali tangu mwanzo kuwa itachakaa, kwamba siku ikichakaa atakuja mtu na spana, na kwamba mtu huyo anastahili kuachiwa nafasi ya kuingiza mkono.

Ukoo wenyewe ni mkubwa. Wenye silinda nne ni L13, L14, L16, L18 na L20B. Wenye sita ni L20A, L24, L26 na L28, na L28 ikazaa hata ndugu wa dizeli, LD28. Namba inataja ujazo, basi, hakuna mbwembwe. Kwa hiyo L20A na L20B zote ni za lita mbili, ila moja ina silinda sita ndogo na nyingine nne pana, na anayekwenda dukani kuulizia gasketi ya "L ishirini" bila kutaja herufi ya mwisho atarudi nyumbani na gasketi isiyofunika chochote. Umbo lao ni moja: bloki nzito ya chuma cha kutupwa, hedi ya aluminiamu, valvu mbili kwa kila silinda, na kemshafti moja iliyolala juu ya hedi ikizungushwa na cheni ya safu mbili.

Kasoro zipo, na ni vizuri zitajwe mapema. Hewa inaingilia upande uleule wa hedi ambao moshi unatokea. Hata wakati ule mpango huo ulionekana wa kizamani. BMW walikwisha kuzitenganisha pande hizo katika injini yao ya silinda nne ya miaka ya mwanzo ya 1960. Matokeo yake kabureta za L zimekaa juu ya bomba la ekzosi, na gari likizimwa baada ya safari ya jua kali, joto hupanda, petroli huchemka ndani ya kabureta, na mwenye gari husimama kando akizungusha stata bila majibu. Dawa yake ni subira na boneti iliyofunguliwa.

Katika masimulizi ya L16 lazima atajwe Yutaka Katayama, mkuu wa biashara ya Nissan huko Marekani. Yeye ndiye aliyewasumbua wakubwa wake Japani hadi wakakubali kumpelekea Datsun 510, yaani ileile Datsun 1600 kwa jina la Marekani, yenye injini ya cc 1600, kwa kuwa alijua Mmarekani hatahangaika na gari la Kijapani lisiloweza kupanda mlima wa barabara kuu. Peter Brock, mwenye timu ya mbio huko Marekani, akalichukua gari hilohilo la familia, akamkabidhi dereva John Morton, na mwaka 1971 na 1972 wakabeba ubingwa wa Trans-Am wa magari ya chini ya lita mbili na nusu. Hayo yameandikwa sana. Mimi nina haraka ya kufika kwenye tapeti.

Toa kifuniko cha juu cha injini ya L, utaiona kemshafti imekaa wazi na roka zake chini yake. Ncha moja ya roka inaegemea boliti yenye kichwa cha mviringo, ncha nyingine inakalia valvu, na kemu inaikandamiza katikati toka juu. Kati ya kemu na roka lazima ibaki nafasi, kwa kuwa chuma kikipata moto hurefuka. Kitabu cha kiwanda kinataka milimita 0.25 kwa valvu ya hewa na 0.30 kwa valvu ya moshi, injini ikiwa moto. Fundi anashika spana mbili: namba 17 ya kulegeza nati inayofunga, namba 14 ya kuzungusha boliti yenyewe. Anapenyeza fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, anazungusha, anaivuta, anazungusha tena kidogo, kisha anakaza nati huku akiishikilia boliti isizunguke nayo. Halafu anapima upya, maana nati ikikazwa huivuta boliti na kula sehemu ya ule upenyo alioupata kwa jasho.

Ni hivyo tu. Hakuna kitu cha kununua. Gharama ya kazi nzima ni muda, gasketi ya kifuniko ikiwa imekufa, na vidole kuungua kidogo, kwani oili ya injini iliyotoka kuzimwa haina huruma. Injini ya silinda nne ina valvu nane. Ya sita ina kumi na mbili, na huanza kupoa kabla fundi mzembe hajaifikia ya mwisho, ndiyo maana valvu za nyuma za injini nyingi huwa zimesetiwa vibaya kuliko za mbele.

Niliwahi kumtazama mzee mmoja mjini Tanga akimfundisha kijana kazi hii. Hakutaja milimita hata mara moja. Alimpa fila, akashika spana mwenyewe, akawa anasema, "Vuta, baba. Inakwenda bure hiyo. Ngoja. Vuta tena. Umeona inavyokwaruza?" Kijana akasema, "Naona, mzee." "Hapo ndipo. Sasa njoo ushike spana wewe, fila nipe mimi." Wakabadilishana, na kosa la kijana likawa linasikika katika mkono wa mwalimu wake. Sijaona chuo kinachofundisha vizuri zaidi ya hapo, pengine kwa sababu kipimo chenyewe hakionekani kwa macho. Kinakaa katika ngozi ya kidole gumba na cha shahada.

Wateja wengi hulalamika tapeti zikilia, na fundi asiyejiamini huzibana hadi zinyamaze. Hapo ndipo anapoiua injini. Valvu ya moshi iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na valvu isiyokaa haina pa kupunguzia joto, maana joto lake hupitia kwenye kiti hicho hadi kwenye maji ya rejeta. Itaungua ukingo, taratibu, bila kelele, na mwenye gari atajua siku silinda moja itakapokosa kompresheni. Afadhali tapeti yenye sauti kidogo. Injini ya L iliyosetiwa sawasawa ina mlio mkavu, mwepesi, wa kasi, kama cherehani katika chumba cha pili, na fundi anayeifahamu huutambua mlio huo gari likiwa bado getini.

Tapeti za kurekebishwa zilikuwa kwenye injini nyingi za zama hizo, nami siwezi kuipa L sifa isiyo yake peke yake. Lakini gia ya kemshafti ni jambo jingine. Cheni ya taiming hurefuka kwa kazi. Pini zake na matundu yake hulika kidogo kidogo, na kidogo hicho kikizidishwa kwa urefu wa cheni nzima kinakuwa kitu. Ikirefuka, kemshafti hubaki nyuma ya krenki kwa nyuzi chache, valvu zote hufunguka kwa kuchelewa, na gari hukosa nguvu kwenye mwendo wa chini. Katika injini nyingi, hapo unanunua cheni. Wabunifu wa L waliitoboa gia ya kemshafti matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3. Cheni mpya hutumia la kwanza. Alama zikianza kupishana, unachomoa gia, unaihamishia kwenye tundu la pili, na kemshafti imerudi mahali pake kwa cheni ileile. Baadaye kuna la tatu. Baada ya hapo ndipo unanunua cheni.

Najaribu kumfikiria mchoraji aliyeketi mezani Japani katikati ya miaka ya 1960 akichora matundu hayo. Kwa injini inayotoka kiwandani anahitaji moja tu. Mawili mengine aliyachora kwa ajili ya mwaka asioujua, gari likiwa mikononi mwa mtu asiyemjua, katika mji ambao pengine cheni mpya haiuzwi. Bosi wake angeweza kumwambia kwamba kila tundu lisilotumika ni gharama, na kwamba kampuni huishi kwa kuuza spea. Ama hakumwambia, ama alimwambia na hakusikilizwa. Vyovyote iwavyo, matundu yapo.

Injini hii hii iliyomfikiria fundi kwa upande wa gia imemtegea mtego palepale kwenye cheni. Kikaza cheni kimekaa chini mbele, ndani ya kifuniko, kikisukumwa na springi na shinikizo la oili. Unapotaka kushusha hedi lazima uiachie gia ya juu, na ukiiachia, cheni inalegea na kikaza kinachomoka kwenye ala yake. Kikichomoka, hakirudi kwa kuombwa. Kazi ya kubadili gasketi ya hedi, ambayo ingekwisha kabla ya jua kuzama, inageuka kazi ya kuvua rejeta, puli, sampu na kifuniko chote cha mbele. Kiwanda kilikuwa na kifaa maalumu cha kuzuia balaa hilo. Mafundi wa dunia nzima hutumia kipande cha mbao. Kinachongwa kabari ndefu nyembamba, kinashushwa katikati ya pande mbili za cheni kabla boliti ya gia haijaguswa, kinagongwa polepole hadi kibane, na juu kinafungwa waya kisije kikadumbukia. Mbao laini haifai, huacha nyuzi zake ndani ya oili. Mninga unafaa. Fundi aliyezoea injini za L alikuwa na kabari yake ndani ya sanduku la spana, imelowa oili ya miaka hadi imekuwa nyeusi, na ukiiona bila kuelezwa ungedhani ni takataka.

Kuna kazi ya ndani zaidi ya hiyo, na nitaieleza kwa kuwa ndiyo inayomtenga fundi na mbadilisha spea. Kemshafti ya L imebebwa na minara midogo iliyofungwa juu ya hedi kwa boliti, na matundu ya minara hiyo yalinyooshwa kiwandani yote kwa pamoja, minara ikiwa imekwisha kufungwa kwenye hedi yake. Kwa hiyo mnara wa hedi hii hauvalishwi hedi ile, wala mnara wa kwanza hauendi nafasi ya tatu. Ukiichanganya, kemshafti itagoma kuzunguka kwa mkono. Sasa tuseme injini ilichemka na hedi ikapinda, nayo ikapelekwa kwa mafundi wa kereza ikapangwe upya uso wake. Hedi imekuwa fupi. Kemshafti imeikaribia krenki, cheni imelegea, taiming imerudi nyuma. Mwenye haraka hufunga hivyo hivyo na kumkabidhi mteja. Mwenye kazi yake huweka vibati vya unene uleule uliochongwa chini ya kila mnara, na kemshafti ikarudi kwenye kimo chake cha zamani.

Lakini hapo ameinua kemshafti bila kuinua valvu, na roka sasa zimekaa kwa pembe nyingine. Kati ya roka na ncha ya valvu kuna kisahani kidogo cha chuma kigumu, na visahani hivyo hupatikana kwa unene tofauti. Fundi anapaka wino wa kalamu nene usoni pa roka, anazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha anatazama kemu imefuta wino wapi. Ikifuta katikati ya uso, vema. Ikifuta hadi ukingoni, kemu siku moja itaikwarua roka kwa kona yake na zote mbili zitalika, kwa hiyo anabadili kisahani, anapaka wino upya, anazungusha tena. Mara kumi na mbili kwa injini ya sita. Mteja aliyeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya gereji haoni chochote cha kulipia. Anamwona mtu akipaka wino na kuufuta.

Niseme pia neno kuhusu sita na nne, maana ukoo huu ulizaa zote na mwili wa mwanadamu huisikia tofauti. Katika injini ya silinda nne za mstari, pistoni mbili hupanda mbili zikishuka, na mtu angedhani mambo yamesawazika. Hayajasawazika. Konrodi hulala upande krenki inapozunguka, na kwa sababu ya kulala huko pistoni huenda kasi zaidi katika nusu ya juu ya mwendo wake kuliko nusu ya chini. Zinazoshuka na zinazopanda hazifutani sawasawa, na linabaki tikisiko moja juu-chini mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki. Ndilo lile unalolisikia kwenye usukani kwenye taa nyekundu. Panga sita, krenki ikiwa imegawanywa nyuzi 120, na matikisiko hayo yanamezana yenyewe bila kifaa chochote cha ziada. L24 ilibebwa na bering kubwa saba, moja kila baada ya silinda, na ikipewa moto kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4 hupanda kasi kwa namna ambayo hadi leo watu hulipa fedha nyingi kuisikia. L16 haina ulaini huo. Ina bering tano, ina mtikisiko wake, na inabeba mizigo.

Kama ningetakiwa kutoa ushahidi wa haya yote mahakamani, ningewaita Pasaka tatu. Safari ya Afrika Mashariki, yale mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuja kupangwa wakati wa Pasaka, na Pasaka huku huangukia masika. Barabara moja ilikuwa vumbi asubuhi na tope jeusi jioni. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, yaani L16. Mwaka 1971 walewale walishinda kwa 240Z, yaani L24, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Gari la Herrmann la mwaka huo lipo hadi leo katika hifadhi ya Nissan huko Zama, Japani, na halikunyooshwa mabati. Mibonyeo ya safari ile imeachwa ilivyo, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wenye akili kuliko yote katika jumba lile.

Pasaka ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1973, mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za aina hiyo, Mehta alikuwa na Lofty Drews ndani ya 240Z. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, wa familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, na mwaka mmoja kabla ya hapo Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia; Mehta akawa mtu wa Nairobi. Dhidi yake alikuwa Harry Källström wa Sweden na Claes Billstam, ndani ya Datsun 1800 SSS yenye injini ya silinda nne, L18. Baada ya maelfu ya kilomita magari hayo mawili yalimaliza kwa pointi sawa. Sare kabisa. Ikabidi kanuni za kuvunja sare ndizo ziseme, nazo zikampa Mehta. Silinda sita na silinda nne za tumbo moja ziliburuzwa katika tope lilelile, na barabara ikashindwa kuamua. Mehta alikuja kuishinda Safari mara nne nyingine mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, akiwa na Mike Doughty kando yake, na rekodi yake ya ushindi mara tano ni ya kutajwa kila Safari inapotajwa.

Katika mbio kama zile nguvu za farasi huhesabika kwa nusu. Nusu nyingine ni nini kinaweza kufanyika kando ya barabara, usiku, mvua ikinyesha, kwa tochi na dakika chache. Chujio la hewa lililojaa vumbi la nyika ya Taru, kabureta iliyolegea, tapeti iliyoanza kulia baada ya kilomita elfu mbili. Injini isiyoruhusu kuguswa hapo haiwi na maana, hata ikiwa na farasi mia tatu.

Nisije nikaonekana nalilia ujana wa watu wengine. Fundi wa leo hapa kwetu anaishi kwa injini nyingine ya mstari, 1NZ-FE ya Toyota, ile ya cc 1497 iliyomo ndani ya Probox, Fielder, IST na nusu ya teksi za Dar es Salaam na Nairobi. Inakunywa petroli kidogo kuliko L yoyote, inawaka asubuhi bila kubembelezwa, na huenda ikafika umri mkubwa bila kuguswa zaidi ya oili na plagi. Kwa mtu anayelipa ada za shule kutokana na gari lake, hakuna mjadala, na mimi mwenyewe nisingemshauri vinginevyo. Lakini itazame fundi anapoifungua. Tapeti zake hazina boliti wala nati. Ukitaka kubadili nafasi ya valvu unavua kemshafti, unapima, unatafuta kikombe cha unene mwingine, unafunga kemshafti upya, na ukikosea unarudia tangu mwanzo. Bloki ni ya aluminiamu na ndani yake kuna kuta nyembamba za chuma zisizokusudiwa kupanuliwa. Zikilika, mafundi wengi wanakwenda kununua injini nzima iliyotumika Japani na kuing'oa ile ya zamani kama ilivyo. Bloki ya L, kinyume chake, ilipelekwa kwenye kereza, ikapanuliwa nusu milimita, ikavalishwa pistoni za ovasaizi, ikarudi barabarani, na miaka baadaye ikaenda tena.

1NZ imebuniwa ili isifunguliwe, na kwa sehemu kubwa imefaulu. L ilibuniwa ili ifunguliwe. Hizo ni heshima mbili tofauti, moja kwa mwenye gari, nyingine kwa fundi, na sidhani kuna anayeweza kutoa zote mbili kwa bei ya gari la karani. Kinachonisumbua ni kijana anayejifunza ufundi sasa. Anajua kusoma msimbo wa hitilafu kwenye kioo cha kifaa chake, anajua sensa ipi huharibika kwanza, na ujuzi huo si mdogo hata kidogo. Lakini apate wapi fila ya kuvuta, na mzee wa kushika spana upande wa pili?

Undugu wa injini za L ulikuwa mali ya fundi pia. Konrodi ya L16 inaingia L24. Ile fupi ya milimita 130.35 iliyokuwa ndani ya L18 ndiyo ileile iliyokuja kutumika katika L26 na L28. Wajapani wenye kupenda mbio waligundua kuwa krenki ya LD28, ile ya dizeli yenye mwendo wa milimita 83, inakubali kukaa ndani ya bloki ya petroli ya L28. Wakapanua silinda hadi milimita 89, na wakapata zaidi ya lita tatu kutoka kwa vipande ambavyo kiwanda hakikuwahi kuvifunga pamoja. Krenki ya gari la dizeli ikawa moyo wa gari la mashindano. Mambo kama hayo hayatokei kwa bahati. Hutokea pale wabunifu wanapoheshimu vipimo vyao vya zamani wanapobuni vipya.

Nissan iliacha ukoo wa L katika miaka ya 1980, na mwaka 1985 ikaanzisha RB, nayo ya silinda sita za mstari. Wengi huihesabu kuwa mwanzo mpya. Chukua vipimo uone. RB20 ina kipenyo cha milimita 78 na mwendo wa 69.7, sawasawa na L20A. RB26, iliyotoka mwaka 1989 ndani ya Skyline GT-R, ikiwa na valvu 24 na turbo mbili, ina kipenyo cha milimita 86, ambacho ni cha L28, na mwendo wa milimita 73.7, ambao ni wa L16 ya gari la karani. Weka krenki ya L24 ndani ya bloki ya L28 na utapata ujazo wa RB26 hadi tarakimu ya mwisho, cc 2568. Vijana huweka picha zake ukutani, na wana haki. Ila kemshafti zake huzungushwa na mkanda wa mpira. Ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni na safari imekwisha. Kati ya Voi na Taveta, mimi ningechagua cheni.